Kufuli Isiyo na Ufunguo
Somo kwa vikundi vinavyopokea baiskeli za msaada



Baiskeli kuukuu zikifika kutoka ng'ambo, watu hufurahi. Mwalimu anafikiria njia ya kwenda shule, mhudumu wa afya anafikiria zile nyumba za mbali, na mama muuza mboga anapima kwa macho kama kikapu chake kitakaa nyuma. Lakini fundi akianza kuzipanga, anakuta kadhaa haziendi. Gurudumu limefungwa kwa kufuli, na ufunguo ulibaki huko zilikotoka.

Hapo ndipo maneno huanza. Mmoja anasema lete nyundo. Mwingine anasema twende tuazime grainda kwa fundi wa milango. Kila mtu ana haraka, na ni katika haraka hiyo mtu hupoteza kidole au jicho.

Somo hili lina jambo moja kubwa la kukumbuka: kufuli huondolewa kwa ngazi, kuanzia njia ya upole hadi njia ya nguvu, na grainda ni ya mwisho. Baiskeli inaweza kungoja hadi kesho. Jicho halina spea.

KWA NINI ZINAKUJA ZIMEFUNGWA?

Baadhi ya watu huuliza, "Kama ni za msaada, mbona zina kufuli? Si hizi zimeibwa?" Ni swali zuri, na linahitaji jibu.

Katika nchi za ng'ambo baiskeli nyingi huachwa kwenye stesheni za treni, vyuo vikuu na majumba ya kupanga. Mwanafunzi anamaliza masomo na kwenda kwao, baiskeli inabaki imefungwa kwenye chuma. Wenye pahali hapo hubandika notisi, hungoja muda uliowekwa, kisha huiondoa. Nchini Japan manispaa huondoa baiskeli zilizotelekezwa karibu na stesheni, na baiskeli nyingi za huko huwa na kufuli ndogo iliyofungwa kabisa kwenye fremu, juu ya gurudumu la nyuma. Uholanzi nako ni hivyo hivyo. Kufuli hiyo husafiri na baiskeli popote iendapo.

Kuna mashirika yanayokusanya baiskeli kama hizi na kuzipeleka nchi nyingine. Pedals for Progress ilianza mwaka 1991 huko New Jersey, Marekani. Working Bikes ilianza Chicago mwaka 1999. Uingereza kuna Re-Cycle ya Colchester, ambayo hupeleka baiskeli Afrika. Kontena ya futi 40 yaweza kubeba baiskeli mia nne au zaidi zikifunguliwa pedali na kugeuzwa usukani. Katika wingi huo, si ajabu chache kupita zikiwa na kufuli.

Basi kufuli peke yake haimaanishi wizi. Lakini pia haimaanishi kwamba kila baiskeli yenye kufuli ni yetu kufungua. Hapo tunafika kwenye chombo cha kwanza cha kazi hii, nacho ni kalamu.

KARATASI KABLA YA CHUMA

Kabla hujakata kitu chochote, kikundi kiwe na daftari. Kila baiskeli yenye kufuli iandikwe:

1. Tarehe iliyofika, na ilitoka kwa nani.
2. Nambari ya fremu. Mara nyingi imepigwa muhuri chini kabisa, pale krenki za pedali zinapopita. Ipanguse kwa kitambaa chenye mafuta ya taa uisome vizuri, na umalize kupangusa mbali na pahali pa kukatia.
3. Aina na rangi ya baiskeli, na aina ya kufuli.
4. Jina la aliyeiondoa kufuli, na sahihi ya shahidi mmoja.

Mwenye simu ya kamera apige picha kabla na baada. Karatasi za shehena kutoka kwa waliotuma ziwekwe pamoja na daftari hilo. Siku askari au chifu akiuliza, hakuna kubabaika.

Jambo hili si la kupamba ofisi. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kifungu cha 322, inahusu kupokea na kushughulikia mali ya wizi, na adhabu yake inaweza kufika miaka 14 gerezani. Kijana mwenye mkasi wa kukata kufuli na asiye na karatasi ana maneno mengi ya kueleza.

Tena habari huenea. Watu wakisikia kikundi chenu kina vyombo vya kukatia kufuli, watakuja. Mmoja atasukuma baiskeli jioni na kusema, "Ndugu fundi, nimepoteza ufunguo, nisaidie tu, nitakupa cha chai." Labda anasema kweli. Labda baiskeli ni ya jirani. Weka kanuni moja kwa wote: hatukati kufuli ya baiskeli ambayo haimo katika daftari letu. Wa nje alete risiti yake, au barua ya chifu, au abstrakti ya polisi, na aje mchana mbele ya mashahidi. Atakayekasirika akasirike. Kikundi kikipoteza jina, hata zile baiskeli halali hazitaaminiwa.

Na vyombo vyenyewe vilale ndani ya stoo iliyofungwa, vitoke kwa sahihi na kurudi kwa sahihi.

NGAZI TANO ZA KUONDOA KUFULI

Panda ngazi hizi moja baada ya nyingine. Usiruke.

Ngazi ya kwanza: tafuta ufunguo. Usicheke. Funguo nyingi husafiri pamoja na baiskeli bila mtu kujua. Angalia kama umefungwa kwa utepe kwenye usukani, chini ya kiti, ndani ya mkoba mdogo wa vifaa, au kwenye bahasha ya karatasi za shehena. Ukiona funguo zimekaa bila wenyewe, zijaribu kwenye kufuli zote kabla ya kuzitupa.

Ngazi ya pili: kufuli ya nambari. Yenye pete tatu, kila pete ikiwa na tarakimu kumi, ina nambari 1,000 tu kwa jumla. Mtu akijaribu moja kila sekunde tatu, anamaliza zote kwa dakika 50. Kijana mmoja akiketi kivulini anaifungua bila kutumia senti, na kufuli inabaki nzima na nambari yake inajulikana. Yenye pete nne ina nambari 10,000, yaani zaidi ya saa nane kwa mwendo huo huo. Hapo ni juu yenu kuamua kama muda upo.

Ngazi ya tatu: spana. Angalia kama kufuli inatoka bila kukatwa. Kebo ikiwa imezungushwa kwenye nguzo ya kiti, legeza bolti, toa kiti pamoja na nguzo yake, na kebo itateleza. Ikiwa imeshika gurudumu na foku, labda kufungua nati za gurudumu kunatosha. Ile kufuli ya pete ya nyuma mara nyingi imefungwa kwenye fremu kwa bolti mbili. Toa pumzi kwenye tairi, upate nafasi ya kuingiza spana fupi au ufunguo wa pembe sita. Bolti zikitoka, legeza nati za ekseli na utoe gurudumu na kufuli yake pamoja. Sasa unaweza kulipeleka kwenye jiliwa na kufanya kazi bila kugusa fremu.

Ngazi ya nne: vyombo vya mkono vya kukata.

Ngazi ya tano: grainda.

Mafundi wengi huanzia hii ya tano kwa sababu ina kelele na inaonekana ni kazi ya wanaume. Lakini hesabu kufuli zako. Utaona nyingi zimetoka kabla hujafika hapo.

PIMA CHUMA KWA TUPA

Kabla ya kuchagua chombo cha kukata, chukua tupa kuukuu uisugue kidogo pembeni mwa chuma cha kufuli. Tupa ikiuma na kuacha alama inayong'aa, chuma ni laini, na msumeno wa chuma utakikata. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, chuma hicho kimeimarishwa kwa moto. Usipoteze muda na msumeno. Utamaliza meno ya bleti tatu na kufuli itabaki ikikuangalia. Pia usikiweke kwenye mkasi mdogo wa vyuma. Taya zitapata mapengo, na kipande cha taya kinaweza kuruka.

Kipimo hiki kinachukua nusu dakika.

VYOMBO VYA MKONO

Mkasi wa vyuma wenye mikono mirefu. Huuzwa kwa urefu: inchi 18, 24 na 36. Ule wa inchi 24 unafaa kazi nyingi za kufuli ndogo na minyororo ya bei nafuu. Weka chuma ndani kabisa, karibu na kiungo cha taya, si kwenye ncha. Funika pahali pa kukata kwa gunia au kitambaa kizito, kwa maana kipande kikikatika huruka kama risasi. Usisimamishe mkono mmoja wa mkasi sakafuni na kuukalia ule mwingine kwa uzito wa mwili. Ukiteleza, uso wako ndio unaofuata. Kama hukati kwa nguvu za mikono miwili, mkasi ni mdogo au chuma ni kigumu. Badilisha njia.

Msumeno wa chuma. Kwa chuma chembamba na kebo tumia bleti yenye meno madogo, 24 au 32 kwa inchi. Meno ya bleti yaelekee mbele. Sukuma kwa mwendo wa polepole na mrefu. Mtu anayepeleka msumeno kama anayepiga ngoma huvunja bleti na kujikata.

Mkasi wa kebo. Kebo ni nyuzi nyingi nyembamba za chuma zilizosokotwa pamoja. Mkasi wa kawaida huziponda badala ya kuzikata. Mkasi wa kebo una taya zilizopinda kama mdomo wa kasuku, nao hukata nyuzi zote pamoja. Kama hamna, tumia msumeno.

Jiliwa, ambayo wengine huiita vaisi. Hiki ndicho chombo cha usalama kinachosahauliwa. Kufuli ishikwe na jiliwa au klampu, isishikwe na mkono wa rafiki wala kukanyagwa na mguu. Ukiambiwa, "Wewe shika hapo, mimi nakata," kataa. Vidole vingi vimeondoka kwa maneno hayo.

Kuna njia nyingine ambazo watu hupenda kusimulia. Wengine hupiga kufuli kwa nyundo na tindo. Chuma kilichoimarishwa hupasuka vipande na kuruka usoni. Wengine huingiza jeki ya gari ndani ya kufuli ya U na kuipanua mpaka ivunjike. Njia hiyo hukusanya nguvu nyingi pahali padogo, na kufuli ikikubali hukubali ghafla, jeki inaruka na fremu inapinda. Wacheni hizo kabisa.

KILA KUFULI NA TABIA YAKE

Kebo yenye plastiki. Funga utepe wa umeme kwa nguvu pale utakapokata, nyuzi zisifumuke. Ncha za nyuzi hizo huchoma kama miiba ya michongoma. Ukimaliza, zikunje na uziweke kwenye debe, usiziache nyasini ambako watoto hutembea pekupeku.

Mnyororo na kufuli ya kuning'inia. Jaribu tupa kwenye mnyororo, kisha kwenye upinde wa kufuli, na ukate kilicho laini zaidi. Kiungo cha mnyororo kikikatwa upande mmoja mara nyingi hakifunguki. Kata upande wa pili pia, au shika kwa jiliwa na kukizungusha.

Kufuli ya U. Hii ni ngumu kuliko zote. Chuma chake kwa kawaida ni kilichoimarishwa, na kazi yake mara nyingi ni ya grainda. Nyingine hushika upande mmoja tu, na mkato mmoja unatosha ukiuzungusha upinde. Zile nzuri hushika pande zote mbili, na zinahitaji mikato miwili. Kata pale palipo mbali na mirija ya fremu.

Kufuli ya pete ya nyuma. Kama bolti zake zimefichika, kata kile chuma cha mviringo kinachopita katikati ya spoki. Weka kipande cha bati la debe kati ya chuma hicho na rimu, na ufunike tairi. Usikate kwa haraka ukalambisha diski kwenye spoki au mrija wa fremu. Mkwaruzo mdogo kwenye mrija mwembamba, hasa wa alumini, ni mwanzo wa ufa, na ufa huo utafunguka siku mtu amebeba gunia akiteremka mlima.

GRAINDA: ADUI ALIYE RAFIKI

Grainda ndogo huchukua diski ya milimita 115, na kubwa ya milimita 230. Kwa kufuli, ndogo inatosha kabisa. Ukingo wa diski hutembea hadi mita 80 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 290 kwa saa. Diski ikivunjika, vipande vyake huanza safari kwa mwendo huo. Kwa hiyo:

1. Soma diski. Imeandikwa idadi ya juu ya mizunguko kwa dakika. Idadi hiyo iwe sawa au zaidi ya ile iliyoandikwa kwenye mashine. Diski nyingi za milimita 115 huandikwa 13,300, na grainda ndogo huzunguka kama 11,000. Diski kubwa ya 230 huandikwa karibu 6,600. Sasa fikiria yule anayetoa kifuniko cha kinga ili aiweke diski kubwa kwenye mashine ndogo! Anaizungusha karibu mara mbili ya uwezo wake. Hiyo si grainda tena, ni bomu.

2. Soma tarehe. Diski za kukatia zilizoungwa kwa gundi huandikwa mwisho wa matumizi kwenye pete ya chuma ya katikati, na muda wake ni miaka mitatu tangu kutengenezwa. Diski iliyopita muda, iliyolowa au kuanguka sakafuni, ivunje na uitupe.

3. Tumia diski ya kukata chuma, si ya mawe, na usisage kwa ubavu wa diski nyembamba ya kukatia.

4. Kifuniko cha kinga kikae pahali pake, kati yako na diski. Mpini wa pembeni uwepo. Mikono yote miwili ishike.

5. Chomoa plagi kabla ya kubadilisha diski, au toa betri kama ni ya betri. Si kuzima swichi tu.

6. Diski mpya izungushe bila kazi kwa nusu dakika, ikielekea pahali pasipo na mtu.

7. Simama kando ya mstari wa diski, si nyuma yake wala mbele yake. Cheche zielekee mbali na watu.

8. Usiibane diski ndani ya mkato. Kufuli ikikaribia kukatika inaweza kujifunga na kuishika diski, na mashine itarudi kwako kwa teke la punda. Ndiyo maana kufuli hushikwa na jiliwa karibu na mkato, na upande unaokatika huachwa huru.

9. Usiweke grainda chini mpaka diski isimame kabisa.

Neno kuhusu umeme. Umeme wetu Kenya ni volti 240. Wakati mwingine wafadhili wa Marekani hutuma pia vyombo vya volti 120. Grainda kama hiyo ikichomekwa moja kwa moja itazunguka kupita kiasi kabla ya kuungua, na diski inaweza kupasuka. Soma kibao cha mashine kwanza. Kama unatumia waya wa kuongezea uliozungushwa kwenye gurudumu lake, uufungue wote, kwa sababu ukikaa umeviringika hupata joto. Usikate ukisimama pahali penye maji.

MAVAZI YA KAZI

Miwani ya kukinga macho iwe ile inayofunika pande zote. Miwani ya kusomea haitoshi, ya jua haitoshi. Juu yake, kinga ya uso mzima ni bora zaidi. Nguo ziwe za pamba. Nailoni ikipata cheche huyeyuka na kushika ngozi. Leso, mtandio, tai na mikono mipana vikae mbali na mashine, na nywele ndefu zifungwe. Glavu za ngozi zinazokaa sawa zinafaa, lakini zile za kufumwa zenye nyuzi hunaswa na kuvuta mkono. Viatu viwe vya kufunika, si akala wala patipati.

Kelele ya grainda inaweza kufika desibeli 100. Kwa kipimo cha taasisi ya NIOSH ya Marekani, sikio lisilo na kinga halipaswi kukaa katika kelele hiyo zaidi ya dakika 15 kwa siku. Vaeni vizibo vya masikio. Na kabla ya kukata kebo au mnyororo uliovikwa plastiki, ichune hiyo plastiki kwa kisu. Ikiungua hutoa moshi mkali wenye asidi unaochoma koo na mapafu.

Kijana atasema, "Mzee, wacha nimalize hii moja tu, ni ya dakika." Fundi amjibu, "Kijana wangu, miwani pia ni ya dakika." Na asiwashe mpaka ivaliwe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Mradi wenye pesa ya grainda na usio na pesa ya miwani haujawa tayari kununua grainda.

MOTO UNAOJIFICHA

Karakana ya baiskeli ina hatari ambayo ya milango haina. Sisi huosha cheni kwa petroli au mafuta ya taa. Ile karai ikiwa pembeni, cheche moja inatosha. Pahali pa kukatia pawe mbali na karai, matambara yenye mafuta, tairi na makatoni, mita kumi au zaidi. Pakiwa nje juu ya udongo mtupu ni vizuri zaidi.

Kazi hii ifanywe na watu wawili. Mmoja anakata; wa pili ni mlinzi. Mlinzi ana ndoo ya mchanga, anazuia watoto na watazamaji, na anaangalia cheche zinaangukia wapi, maana mkataji haoni nyuma ya diski. Mkifunga kazi, msiondoke mara moja. Cheche hujificha kwenye vumbi la mbao au tambara na kuwaka baadaye. Kaeni angalau nusu saa, mkitazama.

CHUMA KIKIINGIA JICHONI

Hapa tusome polepole.

Usisugue jicho. Usimruhusu mwenzako akutoe kwa ncha ya leso, kijiti cha kiberiti au ulimi. Wengi wamepona kile kipande wakaumwa na uchafu wa ile leso. Kama ni vumbi tu juu ya jicho, liogeshe kwa maji safi mengi, ukipepesa.

Kama kipande kimekwama, usikiguse. Funika jicho kwa kitu kisicholibana, kama kikombe safi cha karatasi kilichobandikwa, na umpeleke mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo. Kipande cha chuma huanza kutoa kutu ndani ya jicho kwa muda mfupi, na kutu hiyo huacha kovu.

Na jambo la hatari zaidi ni hili: kipande kidogo chenye mwendo mkali kinaweza kupenya ndani ya jicho bila maumivu makubwa. Mtu anasikia kama amepigwa na kitu kidogo, kisha anasema, "Niko sawa." Kama alikuwa anakata au kugonga chuma na sasa anaona ukungu, au jicho ni jekundu, aende hata kama haliumi. Hospitali zenye idara ya macho, kama ile ya PCEA Kikuyu au Sabatia Eye Hospital huko Vihiga, zimezoea kazi hii. Ulizeni mapema iliyo karibu nanyi ni ipi, na muandike jina lake ukutani mwa karakana.

BAADA YA KUFULI KUTOKA

Piga tupa kwenye makali yaliyobaki. Zungusha gurudumu uangalie kama limenyooka. Kagua spoki moja moja, na upitishe kidole kwenye mirija ya fremu ukitafuta mkwaruzo. Andika katika daftari kwamba kazi imekwisha. Vyuma vya kufuli vihesabiwe kabla ya kuuzwa kwa mnunuzi wa chuma chakavu, idadi ilingane na daftari.

Zile kufuli zilizopatikana na ufunguo au nambari, zitie mafuta na uzitunze. Anayepokea baiskeli leo atahitaji kuifunga leo. Mhudumu wa afya akiiacha nje ya zahanati bila kufuli, huenda akarudi nyumbani kwa miguu, na kazi yote mliyofanya imekwenda bure. Kwa hiyo kikundi kikipanga bajeti ya matairi na tyubu, kiandike pia kufuli moja kwa kila baiskeli isiyo nayo, na funguo mbili: moja kwa mwenyewe, moja ibaki ofisini, ikiwa na kibandiko cha nambari ya fremu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika karakana yetu, nani anatunza vyombo vya kukatia, na vinatoka kwa sahihi ya nani?
2. Jirani mnayemjua vizuri amekuja na baiskeli iliyofungwa bila risiti. Mtamjibuje, bila kuvunja ujirani na bila kuvunja kanuni?
3. Tuna miwani mingapi ya kukinga macho? Je, inatosha mkataji na mlinzi?
4. Karai ya petroli huwa wapi wakati grainda inawaka?
5. Jicho la mmoja wetu likiumia saa kumi jioni, atapelekwa wapi, kwa gari la nani, na kwa pesa gani?

Jibuni hilo la tano kabla ya kuwasha mashine.